Kula Kwanza, Jina Baadaye: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mwalimu Kamene Mutunga

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2008, Dkt. Kamene Mutunga atastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Lugha na Tamaduni za Kale kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Wakarima, mkutubi wenu, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, walisema, mimi ndiye ninayemjua zaidi. Ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayemdai zaidi. Ana vitabu vya maktaba nyumbani kwake ambavyo vilitoka kabla sijaajiriwa, na nimeahidiwa kwamba nikiandika vizuri vitarudi. Kwa hiyo nitaandika vizuri.

Mwalimu, kama sote tunavyomwita, alizaliwa Mutomo, Kitui, mwaka wa 1948. Shuleni kwa masista alikutana na Kilatini, akakipenda kwa sababu moja tu: ilikuwa lugha ya pekee pale ambayo hakuna mtu angeweza kumcheka kwa lafudhi yake, maana wenyewe walikwisha kufa. Kutoka Kilatini alikwenda Kigiriki cha kale, na kutoka hapo hakukuwa na wa kumzuia. Akapata ufadhili wa kwenda Ujerumani, akasoma Kisanskriti na Kihiti, lugha iliyoandikwa kwenye vigae vya udongo zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Mama yake alipoulizwa sokoni binti yake anasomea nini huko Ulaya, alijibu kwamba anasomea udongo, na watu wakadhani ni kilimo. Aliporudi likizo walimletea mihogo iliyokauka aitazame.

Alikuja hapa mwaka wa 1977. Wakati huo Kituo kilikuwa vyumba viwili na jiko la mabati kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, Kibera ikiwa upande huu na Kawangware upande ule, na ua wa miti ya miiba ya kai-apple ambao mbuzi wa majirani walikuwa wameushinda. Leo tuna ukumbi, maktaba na lango lenye bawabu. Mbuzi bado wanaushinda ua.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili bila kujua tunachokifanya, naeleza kwa ufupi. Lugha nyingi za Ulaya, pamoja na Kiajemi, Kihindi na jamaa zao, zilitokana na lugha moja ya kale ambayo hakuna aliyeiandika. Wasomi huijua kupitia wajukuu zake, kama vile unavyoweza kuijua sura ya babu usiyemwona kwa kuwaangalia binamu zako wote wakiwa mezani. Hiyo ndiyo kazi ya Mwalimu. Ameulizwa mara nyingi, na watu wenye adabu na wasio nayo, mambo hayo ya Wazungu na Wahindi yanamhusu nini Mkamba wa Mutomo. Jibu lake halijabadilika: Wazungu wamezichunguza lugha zetu miaka mia moja bila kupiga hodi, na yeye anachunguza zao baada ya kupiga hodi na kujilipia nauli.

Mnakumbuka darasa lake la Jumamosi pale Mashimoni, Kibera, katika ukumbi wa kanisa nyuma ya kioski cha maji. Alilianza kama mzaha akaliendesha miaka mingi. Alikuwa akiingia, anapiga meza kwa kiganja na kuuliza hii ni nini. Watu wanasema meza. Anawaambia neno hilo limetoka Kilatini, likapitia Ureno, likashuka pwani, likapanda hadi Mashimoni. Kisha gari kutoka Kihindi, bandari kutoka Kiajemi, shule kutoka Kijerumani na kwa Wagiriki kabla ya hapo. Nzuki, fundi wa viatu aliyekuwa akikaa mstari wa mbele na kazi yake magotini, alisema siku moja: "Kumbe nimeongea hizi lugha zote miaka hii yote na sijalipa karo." Mwalimu alimwambia asimwambie mhasibu wetu.

Lakini hakuwa mtu wa kuridhika na maneno yanayofanana tu. Kufanana si undugu, ndivyo alivyowaambia wanafunzi kila mwaka hadi wakachoka. Maneno mawili yanaweza kufanana kwa bahati, kama watu wawili wenye pua moja. Undugu huonekana pale sauti moja inapoijibu nyingine kila mara, bila kukosa: Kilatini kikisema p mwanzoni mwa neno la kurithi, Kiingereza kinasema f, kwa baba, kwa mguu, kwa samaki. Mwanafunzi aliyeleta nadharia kwamba lugha ya kijiji chake ndiyo mama wa Kigiriki alisikilizwa kwa heshima, akapewa chai, akarudishwa nyumbani na orodha ya kazi iliyomfanya aipende historia ya kijiji chake kimyakimya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limemfanya Mwalimu ajulikane kote Ngong Road. Utafiti wake mkubwa unahusu mgeni na mwenyeji katika tamaduni za kale. Alionyesha jinsi Wagiriki walivyomkaribisha mgeni asiyejulikana: ananawishwa mikono, silaha yake inawekwa kando, anakula mpaka ashibe, na hapo tu ndipo mwenye nyumba anaruhusiwa kumuuliza yeye ni nani, ni mwana wa nani na ametoka mji gani. Kuuliza kabla ni aibu. Katika sheria za kale za Kihindi mwenye nyumba hali kabla mgeni hajala. Kwa Waayalandi wa zamani aliyemnyima mgeni chakula alitozwa faini. Alipoiandika makala hiyo aliongeza tanbihi ndogo kwamba nyanya yake kule Mutomo alifanya vivyo hivyo, na kwamba hilo halithibitishi chochote, kwa sababu kufanana si undugu.

Mtu mwingine angeishia kwenye makala. Yeye aliifanya kuwa sheria ya Kituo. Tangu mwaka wa 1980 au karibu na hapo, kila anayeingia kwenye lango letu hupewa sahani kabla ya kuulizwa jina wala shida yake. Filister, mpishi wetu kutoka Soweto West, huko Kibera, aliipokea sheria hiyo kama mtu anayepokea mvua siku ya kufua. Alinung'unika, akapakua.

Sheria hii imetuletea mengi. Kuna fundi wa mabomba aliyeitwa aje kuziba bomba la choo cha wanaume. Alifika saa sita mchana, akanawishwa mikono, akalishwa, na kwa kuwa wiki hiyo tulikuwa tunamsubiri profesa kutoka ng'ambo, kila mtu akadhani ndiye. Alipelekwa ukumbini, akaketi mbele, akasikiliza mhadhara juu ya vitenzi vya Kihiti. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu Mwalimu, akiwa ameridhika kwamba mgeni amekula vya kutosha, akamuuliza yeye ni nani na ametoka wapi, na yeye akajibu kwamba ametoka Raila Village na anaomba kuonyeshwa bomba. Choo kilikuwa kimefurika. Profesa mwenyewe alikuwa jikoni tangu asubuhi, kwenye sahani yake ya pili, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Kiarie, msajili wetu, ambaye familia yake ina ploti Kawangware tangu enzi za babu na anajua thamani ya lango lililofungwa, aliiandikia bodi mara kadhaa kuhusu sheria hii. Simlaumu. Ofisi haiwezi kuendeshwa na mtu anayewalisha wadai wake kabla ya kujua wanadai nini. Bodi ilijibu kila mara kwamba italiangalia suala hilo, na wajumbe wake kila walipokuja walianza na chakula.

Pamoja na haya yote Mwalimu alikuwa akiandika kamusi. Ni kamusi ya maneno ya nyumbani katika lugha hizo za kale, mlango, moto, chumvi, mgeni, mkwe, deni, kiapo, yote yakifafanuliwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa lugha yetu. Kila neno alilipa kadi yake, na kadi hizo alizipanga kwenye makabati ya mvule yenye droo ndogo ndogo yaliyojaza ukuta mzima wa maktaba. Kadi za miaka ya sabini zimeandikwa kwa wino wa buluu, za karibuni kwa kalamu yoyote aliyoiazima kwangu. Hakuwa na nakala. Nilimwambia mara nyingi atengeneze nakala, naye alisema ataifanya akimaliza herufi W. Kamusi ilikuwa ipelekwe kwa mpiga chapa Februari mwaka huu, iwe tayari siku ya kustaafu kwake.

Ndiyo maana hakwenda Mutomo Krismasi iliyopita. Nduguye Kimanzi alimtumia gunia la muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, kama lawama kwa kutofika, na yeye akabaki na kadi zake. Mimi nilibaki pia, kwa sababu mtu lazima awepo wa kumzuia asipeleke vitabu nyumbani. Tukapiga kura ya urais mwishoni mwa Desemba, tukasubiri matokeo, na mnajua kilichofuata.

Sitaeleza siku zile kwa urefu. Maduka yalifungwa, unga ukapotea, moshi ukapanda Kibera asubuhi na Kawangware jioni, na barabarani vijana wakasimamisha watu na kuwauliza jina. Hilo tu. Jina lako nani. Kulingana na kona uliyosimama na kabila lililosikika katika jina ulilotaja, ulipita au hukupita. Kutoka hapa hadi nyumbani kwangu Kawangware ni mwendo wa kawaida kwa miguu, na sikuthubutu kwenda.

Wa kwanza kufika langoni walikuwa majirani wa Filister kutoka Soweto West, naye akiwa mbele na sufuria kubwa kichwani. Baada yao wakaja wengine kutoka Kawangware, waliofukuzwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ya wale wa kwanza. Walisimama nje ya lango moja, makundi mawili, wakitazamana.

Kiarie alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa njia za uani. Alimvuta Mwalimu kando, nami nilikuwa karibu nikasikia. "Mwalimu, tukiwaingiza hawa, wale wanaowatafuta watakuja. Watachoma maktaba. Na kamusi yako imo humo." Alisema kweli, na wote watatu tulijua ni kweli. Nilimwona Mwalimu akiyaangalia makabati yake kupitia dirishani. Alikuwa na karibu miaka sitini, hakuwa na thelathini mingine ya kuandika upya. Nilidhani atakubaliana naye.

"Kiarie," akasema, "umekula?"

Kisha akamwambia Kavoi, bawabu wetu, afungue lango lote.

Waliingia, wakanawishwa mikono, wakapewa muthokoi. Sheria ilikuwa ile ile, ila safari hii Mwalimu aliiendeleza mbele kidogo. Kwa kawaida baada ya kula jina huulizwa. Yeye alitangaza kwamba kwa kuwa chakula ni kidogo na kinapakuliwa kidogo kidogo, mlo huu bado haujaisha, na hautaisha mpaka atakaposema. Kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuuliza. Mzee mmoja alipoanza kumuuliza jirani yake ni wa wapi hasa, Filister alimwelekezea mwiko. "Hapa hakuna kuulizana majina," akasema. "Ulizaneni chumvi."

Ikabidi watu wapewe majina ya papo hapo. Yule mzee akaitwa Baba Redio, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokiokoa, na betri zake zilikuwa zimekwisha. Kulikuwa na Mama Leso ya Njano na mtoto wake mchanga. Kulikuwa na jamaa mmoja tuliyemwita Daktari kwa sababu alivaa koti jeupe, kumbe alikuwa kinyozi. Walilala maktabani, baina ya rafu, na nitasema hapa kwa fahari kwamba hakuna kitabu hata kimoja kilichopotea. Ninayo hesabu, na nyie wanafunzi wa kawaida hamuwezi kusema hivyo.

Makaa yaliisha kabla ya chakula. Tukachoma masanduku, kisha viti vibovu, kisha viti vizima. Asubuhi moja nilimkuta Mwalimu akiwa amepiga magoti mbele ya kabati la kwanza, akizimimina kadi kwenye mfuko mtupu wa unga. Alikuwa ameshatoa droo za herufi A na B. Nililia, nasema wazi, nililia kama mtoto, kwa sababu nilijua mpangilio wa kadi zile kuliko ninavyoijua Biblia. Yeye hakulia. Alisema mvule ni kuni nzuri, haitoi moshi mwingi, na kwamba Mama Leso ya Njano anahitaji maji ya moto. Tangu siku hiyo kamusi inaishi kwenye mifuko ya unga, na kadi za herufi M bado zinanuka dagaa wa omena.

Vijana walikuja siku mbili baadaye, mchana. Sitasema walitoka upande gani wa Barabara ya Ngong, na msiniulize kwenye sherehe. Walikuwa zaidi ya kumi, na mapanga na marungu, na mmoja wao, mrefu, mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyekuwa msemaji. Kavoi alimsihi Mwalimu kwa Kikamba cha kwao, "Mwaitu, usitoke," maana humwita mama. Akatoka. Sisi tulibaki ukumbini tukichungulia dirishani, na Baba Redio alikuwa amenishika mkono hadi ukafa ganzi.

"Mathe, hatujakuja kwa ubaya na wewe," alisema yule mwenye kofia, akimwita mama kwa lugha ya mitaani. "Tumeambiwa umeficha watu. Tupe tu majina, wetu wabaki, wale wengine watoke."

"Siyajui majina yao," alisema Mwalimu. "Bado hawajamaliza kula."

"Wamekula tangu lini?"

"Tangu mwaka mpya. Wanakula polepole. Nyinyi je, mmekula?"

Hakuna aliyekuwa amekula vizuri Nairobi wiki ile, mwenye panga wala asiye na panga. Mwalimu akawaeleza sheria ya Kituo, tangu Wagiriki hadi nyanya yake, kwa sauti ile ile ya darasani, na nina hakika aliwatajia hata tanbihi. Chakula kipo. Mikono inanawiwa pale. Silaha haziingii mezani, zinaachwa kwa bawabu.

Hapa ndipo Kavoi alipofanya jambo ambalo ni mfanyakazi wa Kituo hiki tu angelifanya. Alikuwa amezoea kupokea mikoba ya wasomaji wa maktaba na kumpa kila mmoja kibati chenye namba, ili mtu akitoka arudishiwe chake. Hakujua njia nyingine ya kupokea kitu. Basi akayapokea mapanga, moja baada ya jingine, akayapanga kwenye rafu ya mikoba, na kila kijana akapewa kibati. Yule mwenye kofia alikigeuza chake mkononi. Kilikuwa na namba kumi na nne. "Huyu mzee ako serious?" akauliza, na mwenzake mmoja akacheka, na waliocheka pamoja ni vigumu kuendelea kukunja nyuso.

Walikula uani, kwa kasi. Filister aliwaongezea. Walipomaliza, yule mwenye kofia akajifuta mdomo, akasimama, na kicheko kikaisha. "Sawa, mathe. Tumekula. Sasa majina."

Mwalimu alikuwa ameketi nao, na sahani yake mwenyewe haikuwa na kitu, kwa kuwa mwenye nyumba hali kabla ya mgeni na hakikubaki. "Haki yako," akasema. "Lakini sheria ina utaratibu. Mgeni akishakula, mwenye nyumba ndiye anayeuliza kwanza. Kwa hiyo naanza na wewe. Wewe ni nani? Mwana wa nani? Umetoka wapi?"

Alimtazama machoni alipouliza, bila kejeli, kama anavyomuuliza kila mtu. Nami naapa nilimwona yule kijana akifungua mdomo kujibu, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri na mtu fulani, halafu akaufunga. Akawatazama wenzake. Hakuna aliyetaka kulitaja jina la baba yake pale, mbele ya mama aliyemlisha, na panga lake likiwa kwenye rafu ya mikoba.

"Wacha ikae hivyo, mathe," alisema hatimaye. "Tumeshiba."

Wakarudisha vibati, wakachukua vyao, wakaenda. Yule mwenye kofia alitangulia kutoka na hakupita kwa Kavoi kuchukua panga lake. Makundi mengine yalikuja siku zilizofuata, kutoka upande huu na ule, na sheria ikasomwa upya kila mara. Sijui kilichotuokoa ni desturi ya Wagiriki au muthokoi wa Kimanzi. Mwalimu anasema utafiti zaidi unahitajika.

Mapatano ya wanasiasa yalipotiwa saini mwishoni mwa Februari, wageni wa mwisho wakaaga. Mwalimu alitangaza rasmi kwamba mlo umekwisha, na kila mtu langoni akataja jina lake kamili, la baba na la kijiji, huku wengine wakilia na wengine wakicheka. Bila shaka walikuwa wameshajuana tangu siku ya kwanza. Lafudhi haifichwi na leso. Ila kwa wiki zile zote hakuna aliyelazimishwa kulitaja, na nadhani hiyo ndiyo tofauti yote. Baba Redio na Mama Leso ya Njano, ambao kule nje wasingepita kona moja, huja hadi leo Jumamosi kunisaidia kupanga kadi. Baba Redio amefika herufi K na ana maoni makali kuhusu neno kiapo.

Kwa hiyo lazima niseme jambo ambalo Mwalimu asingependa liandikwe. Kamusi haikutoka. Kazi ya maisha yake imo kwenye mifuko ya unga nyuma ya meza yangu, nusu imepangwa na nusu haijapangwa, na yeye anastaafu bila kuiona. Hilo linaniuma, na litaniuma siku ya sherehe mtakaponiona nikicheka. Nilimuuliza mwezi uliopita kama anajuta kulifungua lango. Aliniuliza kama nimekula.

Mwezi wa Mei kijana mrefu alikuja langoni, bila kofia safari hii. Kavoi alimnawisha, Filister akampakulia. Alipomaliza aliweka kibati namba kumi na nne juu ya meza yangu. Kavoi alimletea panga lake, ambalo tulikuwa tunalitumia kukatia ua wa kai-apple. Akasema, "Hilo kaeni nalo. Mimi nilikuja kurudisha hiki tu." Katika miaka yangu yote maktabani hiki ndicho kitu pekee kilichowahi kurudishwa bila mimi kuandika onyo, nami nikamwambia hivyo, akacheka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana mgeni alikuwa ameshakula. Hakuuliza. Alimwambia tu kwamba ua ungali haujakatwa upande wa nyuma, na tangu siku hiyo huja kuukata.

Mwalimu, bodi itakupa saa ya ukutani na hotuba. Kiarie, ambaye siku hizi hula wa kwanza, atakupa blanketi. Kwa niaba ya wenzako wote nakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya kutufundisha, kutulisha na kutuchelewesha. Ukaishi vyema Mutomo, mvua isikupite, magoti yakutii, na Kimanzi asikulaumu tena.

Nami nakupa kile kibati, namba kumi na nne. Unajua desturi ya maktaba: anayekishika ana mali yake ndani, na hatuitoi kwa mtu mwingine. Mifuko yako ya unga iko hapa, tunaipanga, na itakapokuwa kitabu tutakuita. Hata tusipokuita, njoo. Kavoi hatakuuliza jina, na Filister atakuwa ameshapakua.